Utepe Mweusi wa Bata wa Mama

Morogoro, 6 Februari 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima na mvua haijakusumbua sana. Mimi sijambo, ila kiyoyozi cha maabara kimenipa mafua. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa Frank wa basi la Mikumi barua hii.

Unakumbuka damu niliyowatoa bata wa mama mwaka juzi, mwenyewe akiwa hai? Tuliikuza, tukaipaka rangi, na kwenye hadubini kromosomu zikaonekana na mistari kama kikoi. Kwa mistari hiyo tunajaribu kutofautisha aina za bata. Wale wa mama wana utepe mmoja mweusi ambao wengine wote tuliowapima hawana. Pengine ni ile mbegu aliyokuja nayo kwenye kapu kutoka kwao Magu. Mwalimu wangu anataka damu nyingine. Utepe ukionekana tena, tutakuja kufanya kazi Tindiga msimu mzima, nami nitalala nyumbani. Brayson, bwana mifugo, atakutolea. Usiiweke kwenye barafu, tunaitaka ikiwa hai.

Mwanao, Agness

Tindiga, 19 Februari 2024

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima, mgongo tu. Bata hawajambo. Brayson alitoa damu, nikaipeleka mwenyewe mpaka Mikumi, chupa nimeifunga kifuani chini ya shati. Abiria walidhani naumwa.

Nimekununulia godoro. Tangu mama yako aondoke bado napika ugali wa watu wawili, mkono umezoea. Unaobaki nawapa bata. Nyumba imenyamaza mno, Agness. Mnakuja lini?

Baba yako, Malimi

Morogoro, 2 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Mgongo unaendeleaje? Utepe haupo. Nimerudia na kurudia. Mwalimu akasema basi nilikosea mwaka juzi, na kazi yangu yote ikawa haina maana. Nilijifungia chooni nikalia. Ndipo nikampigia Brayson. Akasema, "Dada, wale wa mama walikwenda na maji ya mafuriko ya Januari. Hawa mzee kawanunua gulioni, kijijini Ulaya huku kwetu, akaniomba ninyamaze."

Mwalimu amenielewa, lakini safari ya Tindiga imefutwa. Wenzangu wanakwenda kutafuta mbegu ile Magu, nami nakwenda nao. Kwa nini hukuniambia, Baba?

Agness

Tindiga, 30 Mei 2024

Marahaba mwanangu,

Nimechelewa kujibu kwa aibu. Pale gulioni nilishinda nikitafuta shingo nyeupe na mgongo mweusi, mpaka muuzaji akaniuliza kama nachagua mke. Niliwaona wamefanana kabisa na wa marehemu. Sikujua kuna mistari ndani.

Maji yalipowachukua sikukuambia, ulikuwa na mitihani. Halafu barua yako ikasema mtakuja kwa ajili ya bata. Nikaona nikisema hawapo, na wewe huji. Niliogopa, Agness.

Hawa wapya nimempa Brayson, nikiwatazama naona haya. Wasalimie wajomba zako huko Magu. Ukirudi, pitia nyumbani. Bata hakuna tena, nipo mimi tu.

Baba yako, Malimi