Malori Yananipisha

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika! Mzima! Kwa pikipiki! Kwa barabara kuu!

Tazama mwandiko huu, unaruka mistari. Acha uruke. Wiki mbili za kuzungukazunguka uwanja wa mpira, na leo niko kwenye lami na mabasi. Kipikipiki cha cc mia! Kilomita sitini kwa saa kinafika. Zaidi ya hapo hakiendi hata ukibembeleze.

Lori la kwanza liliponipita – mama yangu! Upepo wake ulinitupa mpaka kwenye changarawe. Niliita ukoo mzima, walio hai na waliokufa. Lakini sikuanguka.

Kazini mwenye duka la miwani, mama asiyecheka ovyo, akaniuliza mbona nywele zimelala upande mmoja. Nikamwambia ndiyo mtindo. Nimesaga lenzi siku nzima huku natabasamu peke yangu.

Mezani nikawasimulia habari za lile lori, mikono juu juu. Wifi akacheka mpaka akapaliwa. Kaka hakucheka. Alisema ile si pikipiki, ni cherehani, na yeye hayumo. Masharti ni yale yale: gari la kazini halipiti tena huku, kwa hiyo mwezi ukiisha kama sijaweza kwenda na kurudi mwenyewe, bila msaada wa mtu, naacha miwani, narudi kuuza misumari dukani kwake. Thubutu! Amenilea tangu mama afariki, sikatai. Lakini kazi hii nimeitafuta kwa miguu yangu.

Jumanne, 4 Machi

Jina limeshika. Cherehani.

Na leo mambo mengine kabisa! Malori yananipisha! Nayasikia yanakuja, najikaza – kumbe yameshatanua huko mbali, yananipita na nafasi tele. Hakuna kusukumwa na upepo wala nini. Nadhani ni mkao. Leo nilinyoosha mgongo. Madereva wakiona mtu anajua anachofanya, wanajua.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu! Kwenye mataa dereva wa basi alitoa kichwa dirishani: dada, hiyo kona unaikata leo au wiki ijayo? Indiketa ilikuwa inawaka tangu nyumbani. Abiria wote wakacheka, na mimi nikacheka ndani ya helmeti. Ningefanyaje?

Malori bado yananipisha. Nimeanza kuimba njiani.

Wifi ana lake jambo. Kaninong'oneza jikoni kwamba Kaka siku hizi hamalizi chai. Mimi nikitoka tu, naye huyo, funguo za pikapu mkononi. Duka anafungua kwa kuchelewa, wateja wanamngoja mlangoni. Ananuka mwanamke, anasema Wifi. Nikamwambia, Wifi, acha wivu, mwanamke gani huyo wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi? Akasema wapo.

Jumatano, 12 Machi

Nimepeleka Cherehani kwa fundi akaze mnyororo. Akaikalia, akatazama vioo vya pembeni, akanitazama mimi.

"Dada, huwa unaona nini humu?"

"Viwiko vyangu."

"Siku zote?"

"Kwani si ndivyo vilivyo?"

Alicheka mpaka spana ikamdondoka. Alipojua nafanya kazi ya miwani akaenda kumwita jirani yake ili waanze kucheka upya. Lo! Haya, amevigeuza. Kesho nitaona nyuma!

Alhamisi, 13 Machi

Nimeona nyuma.

Pikapu nyeupe, mlango mmoja wa bluu, taa zote nne zinapepesa. Hazadi zinawaka. Iko nyuma yangu pale pale, sitini kwa sitini, na malori yote yanaikwepa hiyo kabla hayajanifikia mimi. Nilipokata kuingia kazini, ikageuza ikarudi, na jioni ikawa nyuma yangu tena.

Kaka!

Sikujua nicheke au nilie. Nikafanya vyote, helmeti ikajaa ukungu. Mwanamke wa Wifi ni mimi! Na ule mkao wangu, na zile nyimbo – yarabi, aibu gani hii. Nina hasira naye. Nampenda mpaka kifua kinauma. Na nina hasira naye.

Kwenye chai akaniuliza barabara ikoje. Nzuri, nikasema. Akatazama kikombe.

Nikinyamaza, mwezi utaisha na kazi itabaki yangu. Lakini nitakuwa nimeweza nini? Sijawahi kwenda peke yangu hata siku moja, ila ile ya changarawe.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika juu ya tangi, pembeni mwa lami, chini ya kile kilima kirefu. Nimesimama makusudi. Naye kasimama, hatua chache nyuma, akajifanya anakagua tairi. Nikamfuata.

"Kaka, rudi."

"Mimi napita tu."

"Unapita kwenda wapi? Duka liko kule."

"Nina mzigo."

Nikachungulia nyuma ya pikapu. Hata msumari mmoja hamna.

"Wifi anadhani una mwanamke."

Karibu acheke. Kisha uso ukamshuka. "Ukianguka hapa, marehemu mama nitamwambia nini?"

Nikamwambia tu kwamba akinisindikiza mpaka mwezi uishe, nitarudi kwenye misumari mwenyewe, kwa sababu nitakuwa sijaweza. Akaja mpaka kwenye Cherehani, akapangusa vioo kwa mkono wa shati, kimoja, kisha cha pili, akarudi garini.

Sasa namwona kwenye kioo. Amekaa, mikono kwenye usukani. Hazadi zinawaka. Nimemwambia sitoki hapa mpaka azizime. Kazi inaanza saa mbili. Nitachelewa, naye atachelewa, wateja wake wagonge mlango wachoke. Sitoki!

Lori linapanda kilima taratibu, limejaa magogo. Nitalikuta katikati. Ni hofu, ni furaha, sijui, vyote.

Zimezimika.

Hajageuza gari. Lakini zimezimika. Nawasha Cherehani.