Mkono wa Mwenyekiti wa Maseremala

Nyumba Na. 14,
Mtaa wa Kiwanda,
Marnow, Wisconsin.
Mei 11, 1950

Mpendwa shemeji Herman,

Pokea salamu kutoka kwetu huku, ambako theluji imekwisha juzi tu na matope yameshika zamu. Hujambo wewe? Na Lorraine hajambo, na kifua chake? Nasikia huko Oregon mvua hainyamazi, basi mfunike vizuri na umnyime sigara hata akilia. Sisi ni wazima wa mwili. Kaka yako anakula, analala, na anakohoa anapotaka kuonewa huruma.

Kadi yako imefika. Ahsante kwa kutuambia kwamba Konrad yuko kwako, kwamba amepata kazi kwenye kiwanda cha mbao na timu ya kiwanda imempa jezi. Niliisoma jikoni mpaka kabichi ikaungua. Baba Konrad aliisoma mara moja tu, akaiweka mezani, akasema, "Mwandikie Herman. Mwambie amrudishe mwanangu." Ndiyo sababu ya barua hii. Ila kwanza lazima ujue yaliyotokea, maana najua Konrad hatakwambia. Yule ukimkata kidole atakuomba radhi kwa kukuchafulia kisu.

Wewe uliondoka Maseremala wakiwa bado timu ya mpira wa kikapu ya ukumbi wa kanisa, uwanja umezungushiwa wavu wa chuma ili mpira usitoke na wageni wasikimbie. Unakumbuka sisi wanawake tulivyokaa mstari wa mbele na pini zetu za kofia? Mgeni akisukumwa kwenye wavu, anachomwa paja. Mimi nilichoma wengi na sijutii hata mmoja. Baadaye wavu ukaondolewa, tukaingia ligi, kiwanda chetu cha viti kikajenga ukumbi, na kila mwenye nyumba Marnow akanunua hisa yake ya timu. Wakati wa vita tulitwaa ubingwa mara mbili, kwa sababu vijana wa miji mikubwa walikuwa jeshini na wetu walikataliwa kwa miguu bapa. Usiseme kama nimesema. Hapa bado wanaamini ilikuwa kipaji.

Vita vilipokwisha miji mikubwa ikaanza kuingia ligi, mmoja baada ya mwingine, na kumbi zao zinazoweza kumeza Marnow nzima na ng'ombe wake. Kila msimu tukawa tunashuka. Konrad alirudi kutoka jeshini akawa mchezaji wetu wa kati, na kwa kweli bila yeye tungekuwa wa mwisho mapema zaidi. Timu mbili kubwa zilimtaka. Mara zote mbili baba yake alimwambia, "Mchezaji wa Marnow hauzwi. Mcheza kwao hutunzwa." Akabaki. Goti lake la kushoto lilikuwa linatolewa maji kwa sindano asubuhi, jioni analifunga kitambaa na kucheza.

Sasa sikia alivyotunzwa.

Desturi yetu ya mikono hujaisahau. Msimu ukiisha wenye hisa wanakutana ukumbini, wachezaji wanakaa kwenye benchi wakitazamana na watu, wamevaa suti za Jumapili, wake na mama zao nyuma yao. Jina linasomwa, mikono inainuliwa, mtu anaona kwa macho yake kama anatakiwa au hatakiwi. Wageni wakisikia hushika mdomo. Sisi tunajivunia, tunasema hapa hakuna kusengenyana. Mikono ikilingana, wa mwenyekiti ndio unaoamua, na mwenyekiti, kama unavyojua, ni kaka yako.

Mwaka huu ligi iliagiza kila timu ipunguze mchezaji mmoja. Tena Jumamosi ile ile ya mkutano wetu, wakubwa wa ligi walikuwa na mkutano wao Chicago, na kila timu iliombwa kupeleka mtu. Nilimwambia Baba Konrad panda treni, mwachie mwingine kiti. Akanijibu, "Nikienda watasema nimeikimbia kura ya mwanangu." Akawaandikia wakubwa wa Chicago barua ya adabu ya kuomba radhi, akalipiga pasi shati lake mwenyewe. Hakuniruhusu niliguse.

Majina yakasomwa. Wakabaki wawili wa kugombea nafasi moja, Konrad na Vernon Diercks, mwana wa muuza nyama, kijana mwenye magoti mazima na kichwa kitupu. Hapo ndipo Tessmer kinyozi alipopata sauti.

"Mtoto wa mwenyekiti! Hebu simama, chuchumaa, tusikie hilo goti!"

"Linalia kama mlango wa choo!" akadakia mwingine kutoka nyuma.

"Tessmer, wewe nyoa watu, acha kunyoa wachezaji!" nikampigia kelele. Watu wakacheka, wakanicheka mimi.

Na Konrad akasimama, shemeji. Akachuchumaa. Ukumbi mzima ukanyamaza ili usikie, na ukasikia. Watu aliowachezea misimu minne walishangilia goti lile kuliko walivyowahi kushangilia kikapu alichofunga. Nilitamani pini yangu.

Mikono ikahesabiwa, ikalingana. Wote wakamgeukia kaka yako. Angeweza kumchagua mwanawe, na haki ilikuwa upande wake, maana Diercks hakuwa na lolote zaidi ya ujana. Akasimama, akavuta koti, akasema, "Ndugu wanachama, damu haichezi kikapu." Akainua mkono kwa Diercks.

Walimpigia makofi mpaka madirisha yakatikisika. Wazee walifuta machozi. Irma, mke wa Tessmer, alikuja kesho yake na keki ya tufaha, akasema mume wangu ndiye mtu mwadilifu kuliko wote katika wilaya hii. Keki niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikawapelekea nguruwe wa jirani Irma akiwa bado anafunga lango.

Konrad aliondoka Jumatatu. Alinikumbatia, kisha akamnyooshea baba yake mkono. "Asante, mwenyekiti," akasema. Hakusema baba. Baba Konrad akadhani ni heshima, akamshika bega na kumwambia amejivunia jinsi alivyolipokea jambo kiume.

Jumatano redio ikatangaza. Wakubwa wa ligi, siku ile ile tuliyokuwa tunasikiliza goti la mwanangu, walikuwa wamekaa Chicago wanapiga kura yao. Marnow nje. Ukumbi mdogo, treni mbali, baridi kali. Miji midogo mingine iliyopeleka watu ilipigania msimu mmoja zaidi na ikapewa. Kwetu, kiti kilikuwa kitupu. Labda tungefukuzwa hata hivyo, lakini angalau tungefukuzwa tukiwa tumeketi.

Kwa hiyo ile nafasi ambayo mwanangu alichuchumaa kwa ajili yake ilikuwa tayari haipo. Diercks hakuivaa tena jezi hata siku moja. Sasa anakata soseji kwa baba yake na kuzipima vibaya. Ukumbi umejazwa viti vya kiwanda visivyouzika.

Na wale wapiga makofi? Majuto ni mjukuu, lakini hapa kila mtu anamtafutia mjukuu huyo babu mwingine. Irma anasema dukani, nikiwa nimesimama nyuma yake kabisa, "Kama si kiburi cha mwenyekiti, angekwenda Chicago." Tessmer naye, kaka yako akikaa kunyolewa, anauliza mbele ya watu, "Mzee, leo tupigie kura nywele zipi zibaki? Maana naona zimekwisha kama timu." Wanacheka wote. Baba Konrad hucheka pia, hulipa, huja nyumbani na kuketi na kofia kichwani. Ijumaa iliyopita kwenye karamu ya samaki wa kukaanga hakuna aliyekaa meza yetu. Sikumwonea huruma. Nilikula na sehemu yake.

Basi ombi lake ni hili, naliandika kama alivyolisema, asije akasema nimelipunguza. Konrad arudi. Kiwandani amemwombea kazi kwenye chumba cha gundi. Chumba chake cha kulala kiko vilevile. Na baba yake anakiri kwamba alikosea. Hilo la mwisho alilisema akitazama dirishani, lakini alilisema.

Hayo ni ya kwake. Sasa langu mimi niliyemzaa. Asirudi. Wenzake wa chumba cha gundi watakuwa wale wale walioinua mikono, na kila asubuhi mmoja atamwambia achuchumae. Baba yake atamtembeza barabarani kama kitambaa cha kufutia aibu yake. Nimemwambia Baba Konrad nitakuandikia hivi, sikumficha. Amekaa mbele yangu sasa hivi ananitazama ninavyoandika. Ameniuliza, "Huwezi hata kuandika kwamba nampenda?" Nimemwambia hilo angeliandika kwa mkono wake pale ukumbini.

Nisalimie Lorraine, nisalimie na watoto, Dale na mdogo wake, na yule mama mkwe wako anayejifanya kiziwi. Huku Shangazi Ottilie anakusalimu, na bado anauliza kama umeoa.

Na Konrad, shemeji, mwambie mama yake ni mzima, anacheka, na hana haja naye. Mwambie kwa sauti kavu, wala usimwangalie machoni. Si kweli. Kila siku naandaa sahani tatu na kuirudisha moja kabatini. Lakini akijua hivyo atapanda treni ya kwanza, na hapa watammaliza.

Mungu awape wote afya na riziki, na Konrad amtunze huko huko alipo.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye daima,
Hedwig Pagel