Karatasi Chini ya Moyo Mtakatifu

Rusumo, Ngara
12 Agosti 2024

Mpendwa kaka Aristides,

Shikamoo. Habari za Kahama? Na wifi Priscila, mgongo umemwachia? Mimi na mama hatujambo. Ningependa kusema sote tu wazima, lakini nitakuwa muongo. Simu ikipigwa baba husikiliza kila neno, ndiyo maana nimemkabidhi barua hii Ndikuriyo, yule dereva wa lori.

Kaka, ni moyo wa baba. Tangu Juni, kila akiingia kwenye ule mtumbwi wa kukamulia kukanyaga ndizi za pombe, kifua kinambana hadi kwenye taya. Akikaa kinaachia. Nilimbembeleza mpaka akakubali kwenda hospitali. Basi, kama mtu anayefagia uwanja kwa ajili ya mgeni, wiki nzima kabla ya kipimo hakushika jembe, eti moyo usimtie aibu mbele ya mashine!

Mashine ikachora, mistari ikatoka mizuri. Daktari hakuridhika. Alisema karatasi ile imeonyesha moyo wa mtu aliyelala ametulia, na mishipa iliyoanza kuziba inaweza isijionyeshe hapo. Maumivu yanayokuja na kazi ndiyo yanayomtia wasiwasi. Akampa vidonge, akataka aende Mwanza akapimwe huku anatembea kwenye mashine.

Unamjua baba. Karatasi ameibandika sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na kila anayeingia lazima aonyeshwe. Vidonge hajavigusa. Nikifungua mdomo ananijibu, "Mashine imeusoma moyo wangu. Wewe umeusoma lini?" Nimekasirika hadi nimelia.

Sasa ameivisha ndizi za sherehe ya kushukuru kwamba ni mzima. Jumamosi anazikanyaga mwenyewe. Naogopa, kaka. Mimi ananiona mtoto, lakini wewe anakusikia. Njoo kabla ya siku hiyo, umpeleke Mwanza. Pombe wataikamua wengine.

Mama anakusalimu, na shangazi Koleta pia. Wabusu watoto. Mungu akutangulie njiani.

Usidhani nimetia chumvi. Jana tukipanda kilima kutoka misani, baba alisimama karibu kila shamba, mkono kifuani, akisifia migomba ya watu. Baba yetu, kaka, ambaye hajawahi kusifia mgomba usio wake.

Mdogo wako akupendaye, anayekungoja,
Speciosa