Mbaazi za Krismasi

Mjukuu wangu Makena,

Habari za Kanada na baridi yake? Sisi hapa Mitunguu tu wazima. Goti la babu yako limepona, na sasa anafukuza nyani kwenye migomba kama kijana.

Umeniuliza mbona sisi hula mbaazi Krismasi huku majirani wakila pilau.

Niliolewa hapa nikitoka Mbeere, kule chini kwenye ukame. Krismasi yangu ya kwanza, mama mkwe aliniachia sufuria ya ndizi niwapikie wageni waliotoka kanisani. Kwetu hatukuwa na migomba. Ndizi ziliungua chini, juu zikabaki ngumu, na wifi zangu wakacheka hadi machozi. Nilienda nyuma ya jikoni nikalia.

Mama mkwe alinifuata. "Kwenu hupika nini sikukuu?"

"Mbaazi, mama. Ninazo kidogo, nilifungiwa na mama yangu."

"Basi pika hizo. Tutangoja."

Mbaazi huchukua muda. Wageni waliimba nyimbo zote walizojua, wakazirudia. Walipokula hakuna aliyebakisha, na wifi aliyecheka zaidi aliomba kuongezwa.

Lakini nilijiona mtu wa hapa baadaye, mvua zilipoanza. Nilimkuta mama mkwe ameinama kando ya migomba yake, anapanda mbaazi. Sikuwa nimemwomba. Aliinua uso akaniuliza, "Hivi ndivyo mnavyopanda kwenu?"

Nikachukua jembe, nikamwonyesha.

Ni mimi nyanya yako, ninayekutaja kila asubuhi nikiomba.