Mfuko wa Mashine ya Vumbi

Dada Sayoko,

Theluji imeanza huku Morioka. Yale matunda uliyoleta nimeyaning'iniza yakauke.

Mashine yangu ya kufyonza vumbi imekufa. Muuzaji alinisifia isiyo na mfuko: "Mama, hii hutanunua mifuko maisha!" Nikaazima ya jirani nijaribu. Kila nikimwaga kile kikopo chake, vumbi lilinirudia usoni, nikakohoa hadi machozi.

Ryohei wangu bado hatoki chumbani. Alijifungia akiwa na miaka kumi na mitatu, na huu ni mwaka wa sita hajanisemesha. Chakula namwachia mlangoni. Juzi, nikiwa nakohoa, nikasikia sauti nyuma ya mlango, nzito kama ya marehemu baba yake:

"Mama, nunua ya mfuko. Hiyo itakuua."

Dada, sauti ya mwanangu imeshakuwa ya kiume, nami sikujua.

Nimenunua ya mfuko. Jana niliiacha mlangoni kwake. Leo asubuhi nimeifungua: ule mfuko mpya umejaa, na mimi sijaigusa.

Tafadhali usipige simu kunipongeza. Nitalia, na yeye husikia kila kitu.

Mdogo wako,
Chizuru