Deo, Mistari Tuliyochora Ina Maana Yake

Kambini, Jumapili mchana, mwezi wa nane

Mtani wangu Deo,

Toka nitoke kwetu Urambo mvua zimenyesha zikakatika, na sasa majani ya miombo yanadondoka uwanjani kila siku, nafagia yanadondoka tena. Toka wewe uondoke ni mwezi na kitu. Nakuandikia kwa sababu sina wa kuongea naye. Wenzetu wa ujenzi wamemaliza wakarudi makwao. Mimi nimebakizwa kufagia uwanja na kufukuza ngedere. Kitanda chako amepewa dereva mgeni, mtu mzuri, haongei. Bora angekuwa mbaya nikagombana naye.

Nianze na mchezo, maana ulikufa bado unauliza unachezwaje. Unakumbuka tulivyochora ile mistari kwa kufuata karatasi, kamba na chokaa kwanza halafu rangi, wala hatujui mstari upi ni wa nini. Wewe fundi, mimi kibarua wako, na bado tulibishana kutwa. Ile sehemu ya mbele inayogusana na wavu, pande zote mbili, ulisema ni njia ya watoto wa kuokota mipira. Mimi nikasema ni ya refa kuweka kiti. Ukasema Mnyamwezi akiona nafasi wazi anawaza kukaa tu.

Na zile nguzo. Uliambiwa mchezo una wavu, ukasema wavu ni wavu, ukasimika nguzo ndefu kuliko mimi kama za mpira wa wavu shuleni. Madam Rehema, msimamizi wa kambi hii ya watalii, akaja akasimama anatazama juu. Akauliza wanaokuja kucheza hapa ni twiga. Ukamjibu kwa upole kabisa, "Madam, si tuko mbugani?" Alicheka mpaka akashika nguzo. Sisi tukashinda tunakata chuma. Wavu wenyewe unaishia kiunoni.

Madam ndiye amenifundisha. Wageni wakiwa watatu wanakosa wa nne, basi akaniita niache fagio. Mchezo unaitwa pikoboli. Unashika kibao, na mpira ni wa plastiki wenye matundu, mwepesi kama ganda la yai. Kuanzisha unapiga kutoka chini, chini ya kiuno. Mara ya kwanza nilipiga kwa juu kwa nguvu zangu zote, akaniambia, "Mihayo, hapa hatuui nyoka." Mpira ukianzishwa lazima udunde ng'ambo, wakiurudisha lazima udunde na kwenu, ndipo mtu anaruhusiwa kuupiga ukiwa bado hewani. Na ile sehemu yetu ya mbele wanaiita jikoni. Humo huruhusiwi kuingia ukapiga mpira ambao haujadunda. Ukidunda humo, ingia, piga, utoke. Kwa hiyo tulikosa wote wawili. Hakuna watoto, na refa hayupo kabisa.

Sasa hesabu yao. Wanacheza wawili wawili, na kabla ya kuanzisha mtu anataja namba tatu. Ya kwanza ni pointi zenu, ya pili za wenzenu. Ya tatu inasema anayeanzisha ni wa kwanza au wa pili. Maana upande mmoja, wa kwanza akikosa, mwenzake anapata zamu yake, na huyo naye akikosa ndipo mpira unahamia ng'ambo. Siku moja Madam alikosa, mpira nikapewa mimi, akataja tatu, tano, mbili. Nikamuuliza hiyo mbili ni nini. Akasema, "Mwenzako amekwisha, umebaki wewe." Alikuwa anasema mchezo tu. Nikaupiga mpira chini ya miguu yangu mwenyewe.

Sijui watu wanaendeleaje. Nafagia, nakula, nalala. Nikiulizwa habari nasema nzuri.

Nikueleze ilivyokuwa, maana labda hujui. Ulisema ni malaria tu, ukameza vidonge, ukashindwa kusimama. Gari la kambi lilikuwa limetoka na wageni. Tukachukua bodaboda kwenda hospitali ya Mpanda, dereva mbele, wewe katikati, mimi nyuma nimekukumbatia na tumefungwa pamoja kwa shuka langu. Mpaka tunapita kijiji cha Sitalike ulikuwa unaongea. Baada ya hapo nikawa naongea mimi. Nikakuambia tunafika, vumilia, nyumba za mji zile zinaonekana. Dereva ndiye aliyesimamisha pikipiki. Akasema, "Mzee, mwenzako kanilalia sana." Sikujua. Mimi niliyekushika sikujua. Nilikuwa naongea na maiti, na tangu wapi, sijui.

Kaka yako anayekaa Kawajense, pale pale mjini, alikuja akakuchukua, wakakupeleka kwenu Ikola, ziwani. Nafasi kwenye gari zilikuwa za ndugu. Nilirudi kambini na shuka langu. Baadaye nikasikia kaburini hapakuwa na mtani wa kufanya utani wa msibani. Hakuna aliyeshuka shimoni akagoma kutoka mpaka ahongwe, hakuna aliyevaa shati lako akatembea kama wewe, hakuna aliyewatukana ndugu zako kwamba Wafipa wanalia kwa sauti mbaya. Ulizikwa kimya kama mtu asiye na watu. Hilo linaniuma kuliko hata pikipiki.

Na sasa kuna Anastazia. Mkeo alinipigia. Huku simu inaita, ila kusikilizana ni mpaka juu ya kichuguu kile cha nyuma ya jiko, nikapanda. Hakulia. Alisema, "Shemeji, nisaidie hili moja tu. Alisema nini mwishoni?" Nikamwambia mtandao unakata, sikusikii vizuri. Nikashuka. Mtandao ulikuwa mzuri, Deo. Toka hapo akipiga sipandi.

Mpishi wetu ni mzee wa kanisa, nikamwomba ushauri. Akasema nimwambie Anastazia kwamba ulimtaja jina, ukawaombea watoto, uongo wa msibani haumuumizi mtu. Nikaanza kuutengeneza nikiwa nafagia. "Alisema, mwambieni Anastazia asikate tamaa, awalee wanangu." Nikaurudia mpaka ukanikaa mdomoni. Ni maneno mazuri. Shida yake ni kwamba wewe hujawahi kuongea hivyo hata siku moja.

Halafu juzi tukawa tunacheza na wageni, mimi na Madam upande mmoja. Mpira ukaja juu yangu, jua machoni, ukaanguka karibu na mstari wa nyuma. Nikasema umetoka. Madam akanigeukia.

"Umeuona?"

Nikasema nadhani.

"Nadhani haipo. Mpira ukiangukia kwetu, wa kusema ni sisi. Ukisema umeona ambacho hukuona, unawaibia wale. Hukuona, basi umeingia."

Akawapa wageni pointi, tukaendelea. Wageni wala hawakuwa wamelalamika. Hata wao hawakuuona ulipodondokea. Mimi nilicheza vibaya mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa simuwazi mgeni yeyote, namuwaza Anastazia.

Siwezi kumwambia ambacho sikukisikia. Ulipofia sikuona. Kama ulimtaja moyoni, hilo sina. Ninacho kimoja tu, na nimekificha kwa aibu. Ilikuwa tukivuka Sitalike. Ulikuwa unateleza, nikawa nakuvuta nikuweke sawa, napumua kama ng'ombe. Ukasema:

"Mnyamwezi, babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka baharini. Mimi mmoja, mpaka Mpanda tu, nakushinda?"

Nikacheka. Nikakutukana, nikasema pembe ilikuwa na faida, Mfipa ana faida gani. Hukujibu. Nikadhani umelala, nikafurahi umepata usingizi.

Ndiyo hayo. Hakuna mke, hakuna watoto, hakuna Mungu. Mjane gani anataka kupelekewa utani? Labda atanichukia. Labda atasema hata kufa ulikufa unaongea na kibarua badala ya yeye, na mimi nitamjibu nini? Sitegemei yampoze. Mimi mwenyewe hayajanipoza. Kila nikiyakumbuka nacheka kwanza, halafu nakaa chini. Lakini ni yako, yalitoka mdomoni mwako, na nikimpelekea yale ya mpishi atakaa maisha yake yote na mume ambaye hakuwahi kumuoa.

Leo asubuhi nilipanda kichuguu nikampigia. Nikamwambia yapo maneno, si mazuri, nakuja nikwambie uso kwa uso. Akauliza, "Ni yake kweli?" Nikasema ni yake. Akasema, "Basi njoo nayo."

Jumapili ijayo ni arobaini yako, wanamaliza matanga. Madam nimemuaga. Amesema kuna wageni wengi wanakuja na nafasi hainisubiri, nikasema sawa, atakayefagia atapatikana. Kwa Anastazia nitaanza peke yetu, chumbani au uani atakapotaka, nimwambie polepole. Halafu mbele ya watu nitafanya kazi ya mtani ambayo haikufanywa siku ya kukuzika. Nitaomba shati lako, nitavaa, nitainamisha bega kama wewe, nitasema kwa sauti yako. Wakinipiga, wanipige. Sijui kama nitaweza kufika mwisho bila sauti kukatika. Nakuahidi nitafika hata kama imekatika.

Kaa salama huko, Mfipa. Usigombane na wenyeji.

Lori la kwenda kuchukua dagaa linatoka Mpanda Alhamisi, nimeshaongea na dereva nikae juu. Ijumaa mchana nitakuwa Ikola, kwako.

Mtani wako,
Mihayo