Mkwaju Umeota Balambala

Balambala, Mfunguo Pili

Mke wangu Zainabu,

Assalaam aleikum. Hujambo mwenzangu, na mama miguu yake yaendeleaje? Mimi ni mzima, nala, nalala, na leo nina furaha hata dawa za wagonjwa nimezipima huku nikiimba, mpaka mmoja akauliza kama mganga naye ana homa.

Unakumbuka nilipohamishiwa zahanati hii? Ulinitilia mbegu za ukwaju mfukoni, ukaniambia mbele ya mama: "Siku zikiota huko jangwani niite, nitakuja." Mama akacheka. Mimi sikucheka, maana nakujua, ukisema umesema.

Nilipanda baadhi nilipofika tu. Nyuma ya nyumba palikuwa na zizi la mbuzi lililohamwa, limejaa migunga michanga, miiba mitupu. Nikafanya kama tufanyavyo kwetu: nikafyeka, nikang'oa visiki, nikafagia mpaka uwanja ukang'aa. Ulibaki mgunga mmoja tu pembeni, ambao ulilishinda panga langu. Miche ikachipua, ikatoa vijani, jua likaikausha. Masika yaliyofuata ikawa vilevile. Zikabaki mbegu tatu, na kukuagizia nyingine haikuwezekana, kwani kwa ajili ya vita vya waasi wa shifta hata barua zilikuwa hazifiki. Nilikonda, Zainabu, wala si kwa njaa.

Jirani yangu ni ajuza mmoja, Halima. Serikali ilipowakusanya wafugaji karibu na kituo, alikuja na mbuzi wachache. Ngamia wake hajui walipo. Namwita ayeeyo, ndiyo bibi kwa lugha yao. Alinikuta nimechuchumaa mbele ya mche mkavu, akauliza nani amekufa. Nikamweleza ahadi yako yote. Akacheka akajishika mbavu, kisha akasema, "Wewe nakata mama, halafu nalilia mtoto. Banda chini ya ile moja." Yaani nipande chini ya mgunga uliobaki.

Akanieleza kwamba mbuzi hula matunda ya mgunga, mbegu zikatoka na samadi zizini, ndiyo maana mgunga hutangulia mahali palipo uchi. Huweka kivuli, hudondosha majani, ndege hutua, na hapo ndipo miti mingine huja. Nami nikaona kweli: chini ya mgunga ule palikuwa na miche ya mkone na mswaki niliyokuwa nikiita magugu. Nikapanda mbegu zote tatu. Moja ikaota na haikufa, ila haikukua pia. Ilikaa pale kivulini, urefu wa kidole, kama mtoto anayebebwa kila siku.

Kabla ya vuli askari wakaja kukata miiba ya kuzungushia kijiji ua. Wakaushika mgunga wangu. Ayeeyo akaketi penye shina, akawaambia basi wamkate na yeye. Koplo wao, Mkamba mpole, akakubali kuchukua matawi ya upande wa mashariki tu. Walipoondoka tulitazama pengo waliloliacha. Ayeeyo alisema sasa jua litamaliza kila kitu, nami niliamini hivyo hivyo.

Tulikosea sote wawili. Jua la asubuhi likapata dirisha, lile kali la mchana likazuiliwa na matawi yaliyobaki, na mkwaju ukaamka. Leo unanifika gotini! Ayeeyo sasa anadai ni yeye aliyemwita koplo.

Upande huu pametulia, alhamdulillahi, na malori yanapita tena na askari mbele. Mke wa karani wetu, akaaye pale Garissa, atakupokea, nimekwisha zungumza naye.

Nisalimie mama, umwambie sasa ni zamu yangu kucheka. Salamu kwa shemeji mshona kanzu, kwa shangazi wa mahamri, ambayo nimeyaota mara nyingi, na kwa muadhini jirani yetu anayeniombea.

Najua utasema haya ni maneno ya mume mpweke. Basi humu ndani ya bahasha nimetia jani changa. Litafune. Ukisikia uchachu, funga mizigo.

Akungojaye,
mumeo Bakari